Kidonge Kimoja, Damu Mbili: Jeni ya NAT2 na Magonjwa ya Binadamu

Chukua wagonjwa wawili wa kifua kikuu. Wote wana kilo 60, na wote wameanza dozi wiki moja. Kila asubuhi, kabla ya kula, kila mmoja anameza vidonge vinne vya rangi ya damu ya mzee, na ndani ya kila kidonge mna miligramu 75 za isoniazidi zilizochanganywa na dawa nyingine tatu. Saa sita baadaye wapime damu. Kwa mmoja isoniazidi imekwisha karibu yote. Kwa mwenzake ingalipo, tena mara kadhaa zaidi. Hakuna aliyeruka dozi, na muuguzi hakukosea hesabu. Wanatofautiana kwa jeni moja iitwayo NAT2, iliyoko katika kromosomu ya 8, ambayo kila mmoja wao alirithi nakala zake mbili, moja kwa baba na moja kwa mama.

Jambo hili limejulikana kwa zaidi ya miaka 60. Hata hivyo wengi wanaomeza vidonge hivyo, na ndugu zao wanaowasimamia wavimeze, hawajawahi kuelezwa. Katika nchi zetu, ambako isoniazidi humezwa na wagonjwa wa kifua kikuu na pia na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI kama kinga, ukimya huo una gharama, na gharama yenyewe huanzia miguuni na kwenye ini.

NAT2 inabeba maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachofanya kazi zaidi katika ini na katika ukuta wa utumbo. Kazi yake ni moja: kuchukua kipande kidogo cha kikemia kiitwacho asetili na kukibandika kwenye naitrojeni ya kemikali ngeni iliyoingia mwilini. Isoniazidi ikishabandikwa kipande hicho haiwezi tena kuua bakteria wa kifua kikuu, na figo huitoa kwa mkojo. Kimeng'enya hicho hicho hushughulikia dapsoni, salfa kadhaa, hidralazini ya shinikizo la damu, mabaki ya kafeini, na baadhi ya kemikali za moshi wa sigara na za rangi za viwandani. Ndiyo maana wataalamu wanakihesabu miongoni mwa vimeng'enya vya kuondoa sumu.

Hapa niseme jambo kwa uwazi, kwa sababu maneno hayo ya kuondoa sumu yanauzwa sana siku hizi, kwenye chupa za juisi na vifurushi vya unga. Kasi ya NAT2 uliyorithi haibadilishwi na juisi yoyote. Aliyezaliwa na kimeng'enya cha polepole atazeeka nacho.

Sehemu ya jeni hii inayosomwa ili kutengeneza protini ina herufi 870 tu, na protini inayopatikana ina asidi za amino 290. Ni jeni fupi. Ila katika ufupi huo kuna herufi chache ambazo mabadiliko yake yameenea duniani kote. Herufi ya 341 ikibadilika, asidi ya amino ya 114 inakuwa nyingine. Vivyo hivyo herufi ya 590 na ya 857. Badiliko la herufi ya 191 hupatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika. Kwa jumla, mabadiliko haya huacha protini ikiwa dhaifu, isiyotulia, au inayovunjwa na seli kabla haijamaliza kazi yake. Mwenye nakala mbili zilizodhoofika ni wa polepole. Mwenye nakala mbili nzima ni wa haraka. Mwenye moja nzima na moja dhaifu yuko katikati, ingawa vipimo vya zamani, visivyoona kwa undani, vilimweka pamoja na wa haraka. Ndiyo maana wazazi wawili wasio wa polepole wanaweza kuzaa mtoto wa polepole, ilhali wazazi wote wawili wakiwa wa polepole, watoto wao wote watakuwa hivyo.

Mgawanyo wake duniani unashangaza. Japani, takriban mtu mmoja kati ya 10 ni wa polepole. Ulaya ni nusu au zaidi kidogo. Misri ni wanane au zaidi kati ya 10. Katika jamii nyingi za Afrika kusini mwa Sahara idadi huanzia theluthi moja hadi zaidi ya nusu. Uchunguzi wa jamii nyingi umeonyesha pia kwamba wakulima na wafugaji wana watu wa polepole wengi kuliko jamii za wawindaji na wakusanya matunda. Wengi wanaamini kwamba mabadiliko ya chakula tangu kilimo kianze yalichangia, ingawa namna yalivyochangia bado inabishaniwa. Mimi nalichukua jambo hilo kwa maana nyingine iliyo karibu zaidi: kuwa wa polepole si ugonjwa. Hali iliyo kwa nusu ya watu haiwezi kuitwa kasoro. Mfereji mwembamba hauonekani kuwa mwembamba mpaka masika yafike, na NAT2 ya polepole haina dalili yoyote mpaka mwili ukutane na kemikali inayoihitaji.

Kemikali ya kwanza kuifichua ilikuwa isoniazidi yenyewe. Ilitengenezwa Prague mwaka 1912 na wanakemia wawili, Hans Meyer na Josef Mally, ambao hawakujua kwamba walikuwa wameshika dawa. Ilikaa miaka 40. Mwaka 1952 kampuni tatu, kila moja kwa njia yake, zilitangaza kwamba inaua bakteria wa kifua kikuu, na wagonjwa mahututi wa hospitali ya Sea View mjini New York waliojaribiwa nayo wakaanza kula, kunenepa na kuinuka vitandani. Katika miaka miwili iliyofuata madaktari waliopima mikojo ya wagonjwa waliona kitu kisichotarajiwa: wengine walitoa isoniazidi nyingi ikiwa vilevile, wengine wakaitoa karibu yote ikiwa imekwishabadilishwa.

Mwaka 1960 David Price Evans na wenzake, wakifanya kazi Baltimore, Marekani, walichapisha utafiti ambao hadi leo hufundishwa vyuoni. Waliwapa watu 483 dozi iliyolingana na uzito wa kila mmoja, wakawatoa damu baada ya saa sita, kisha wakachora matokeo. Kama tofauti zingetokana na mambo mengi madogo madogo, mchoro ungekuwa na kilima kimoja chenye wengi katikati. Mchoro wao ulikuwa na vilima viwili vilivyotengana. Walipozipima familia nzima, wazazi na watoto, urithi ukafuata kanuni ya jeni moja. Jeni yenyewe ilikuja kutambuliwa na kusomwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kati ya vipindi hivyo viwili, kimojawapo cha vipimo vilivyotumika kilikuwa rahisi ajabu: mtu anakunywa kahawa, kisha mkojo wake wa saa chache baadaye unapimwa uwiano wa mabaki mawili ya kafeini, na uwiano huo unaeleza kasi ya ini lake.

Sasa tuje kwenye madhara, na nianze na miguu, maana ndiko wagonjwa wengi wanakoanza kulalamika. Nyayo zinawaka moto usiku, vidole vinakufa ganzi, mtu anahisi kama anakanyaga pamba au changarawe. Isoniazidi ikikaa muda mrefu katika damu hujishikiza kwenye vitamini B6, ikaitoa nje kwa mkojo na kuzuia iliyobaki isigeuzwe kuwa umbo ambalo neva hulihitaji. Kwa mtu wa haraka, nusu ya dawa huondoka katika damu ndani ya saa moja hivi. Kwa wa polepole inachukua saa mbili hadi tano. Rudia hilo kila siku kwa miezi sita, ukaongeza utapiamlo, ujauzito, kunyonyesha, kisukari, pombe au virusi vya UKIMWI, na neva za miguuni, zilizo ndefu kuliko zote, zinaanza kuumia. Miaka ile ambapo stavudini ilitumika sana katika dawa za kufubaza virusi Afrika Mashariki, nayo ikiharibu neva kwa njia yake, wagonjwa wengi walimeza zote mbili kwa pamoja.

Tiba ya jambo hili iligunduliwa katikati ya miaka ya 1950, na ni ya bei ndogo mno: piridoksini, yaani vitamini B6 yenyewe, miligramu 10 hadi 50 kwa siku, kutegemea mwongozo wa nchi. Haihitaji kipimo cha jeni. Ukimpa mtu wa haraka ambaye hakuihitaji, dozi hiyo haimdhuru. Kwa hiyo pale ambapo nusu ya watu wanaweza kuwa wa polepole, na wengi wana lishe duni, sioni sababu ya kuihesabu piridoksini kama nyongeza inayoweza kukosekana dirishani bila mtu kushtuka. Isoniazidi ikitoka bila piridoksini kwa mama mjamzito au mtu mwenye virusi vya UKIMWI, huduma haijakamilika.

Ini lina habari ndefu zaidi, na katika habari hiyo sayansi ilijipinga yenyewe. Mwaka 1970 kifua kikuu kilizuka miongoni mwa wafanyakazi wa serikali katika Capitol Hill, Washington. Watu 2,321 wakapewa isoniazidi kama kinga. Hawakuwa wagonjwa, walikuwa wafanyakazi wenye afya zao. 19 kati yao walipata homa ya ini inayoonekana kwa dalili, na wawili walikufa. Kabla ya hapo isoniazidi ilichukuliwa kuwa dawa isiyo na hatari kubwa kwa ini, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kusema hivyo.

Swali likawa: nani yuko hatarini? Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walitoa jibu lililoonekana kuwa na mantiki. NAT2 hugeuza isoniazidi kuwa asetilisoniazidi, nayo ikivunjika hutoa asetilihidrazini, kemikali inayoweza kuua seli za ini. Basi, walisema, wa haraka hutengeneza asetilihidrazini nyingi zaidi, kwa hiyo wao ndio wa kuhofiwa. Hoja hiyo ilikuwa nzuri, ila iliacha hatua moja. Asetilihidrazini yenyewe inahitaji kubandikwa asetili mara ya pili ili igeuke kuwa kitu kisicho na madhara, na kazi hiyo pia ni ya NAT2. Wa haraka huitengeneza upesi na kuimaliza upesi. Kwa wa polepole hurundikana, ikachukuliwa na kimeng'enya kingine cha ini, CYP2E1, kinachoigeuza kuwa sumu kali. Zaidi ya hayo, isoniazidi iliyokosa njia ya NAT2 hupasuliwa moja kwa moja kuwa hidrazini, nayo ni sumu. Rifampisini huongeza kasi ya kupasuliwa huko, na pombe huongeza CYP2E1. Tafiti nyingi zilizofuata katika mabara mbalimbali zimewaonyesha wa polepole kuwa katika hatari kubwa zaidi ya ini kudhurika, na wa haraka kuwa na nafuu.

Hatari hiyo haimaanishi kwamba kila mtu wa polepole ataugua. Wengi wao humaliza dozi salama. Umri mkubwa, pombe, homa ya ini aina ya B au C, na dawa nyingine zilizomo katika kidonge kilekile, hasa pirazinamidi, huamua mengi. Lakini kuna jambo moja dogo ambalo huwaponza wagonjwa. Siku ya kwanza kliniki, mgonjwa huambiwa kwamba mkojo wake utabadilika rangi na asiogope, na ni kweli: rifampisini huugeuza kuwa wa rangi ya chungwa au nyekundu, hata machozi. Miezi miwili baadaye ini likianza kushindwa, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, na mgonjwa aliyekwisha kuambiwa asiogope haogopi. Mtu huyo anatakiwa atazamwe weupe wa macho mchana, kwenye mwanga wa jua. Unjano ukionekana pale, au kichefuchefu kisichokoma, au hamu ya chakula ikikatika ghafla, vidonge visimame siku hiyohiyo na mgonjwa arudi kliniki siku hiyohiyo. Kungoja tarehe ya kadi kunaweza kumgharimu ini.

Upande wa pili wa jeni hauzungumzwi sana, nao ni wa watu wa haraka. Kwao shida ni dawa kuisha mapema. Majaribio ya Madras, India, katika miaka ya 1960, yaliyolinganisha namna mbalimbali za kutoa tiba, yalionyesha kwamba wagonjwa waliopewa isoniazidi na streptomisini mara moja tu kwa wiki walipona kwa kiwango cha chini wakiwa wa haraka. Waliomeza kila siku, tofauti ilikuwa ndogo mno. Kwa hiyo kumeza kila siku, utaratibu unaowachosha wagonjwa wengi, huziba kwa sehemu kubwa pengo lililoachwa na urithi. Watoto nao wana hesabu yao: kwa kila kilo ya uzito wao huimaliza dawa upesi kuliko watu wazima, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipandisha dozi yao ya isoniazidi hadi miligramu 10 kwa kilo.

Je, dozi ikifuata jeni, mambo yanabadilika? Japani walijaribu, na matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja likapewa dozi ya kawaida, jingine likapewa kulingana na NAT2: wa polepole wakapunguziwa, wa haraka wakaongezewa. Kati ya wa polepole waliomeza dozi ya kawaida, asilimia 78 walidhurika ini. Kati ya waliopunguziwa, hakuna hata mmoja. Kwa wa haraka, waliochelewa kuonyesha nafuu mwanzoni mwa tiba walishuka kutoka asilimia 38 hadi 15. Nisiyakuze matokeo hayo: wagonjwa wote walikuwa chini ya 200, na kwa kuwa wa polepole ni wachache Japani, asilimia 78 ile inatokana na watu wachache. Pamoja na hayo, matokeo yalikwenda upande uleule ambao kemia ilitabiri.

Saratani ya kibofu cha mkojo ni ugonjwa mwingine ambao jeni hii imehusishwa nao kwa ushahidi unaosimama. Mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, alieleza uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Miaka 87 baadaye, mwaka 1982, watafiti wa Uingereza waliwapima wagonjwa wa saratani hiyo waliokuwa wamefanya kazi na rangi za viwandani huko Huddersfield. 22 kati ya 23 walikuwa wa polepole. Kemikali zinazohusika, amini za aromatiki, zisipobandikwa asetili katika ini hugeuzwa na kimeng'enya kingine, zikafika kibofuni na mkojo, na huko hushambulia DNA ya seli za ukuta. Moshi wa sigara una kemikali za jamii hiyohiyo. Uchunguzi mkubwa wa Hispania uliochapishwa mwaka 2005, wenye wagonjwa 1,150, ulikuta hatari ya wa polepole iko juu kwa karibu asilimia 40, na uzito wa tofauti hiyo uliwaangukia zaidi wavuta sigara.

Lakini China, wafanyakazi waliovuta benzidini viwandani hawakuonyesha hatari hiyo kwa wa polepole. Benzidini, tofauti na ndugu zake wengine, hubandikwa asetili katika njia ileile inayoielekeza kwenye madhara. Kimeng'enya kilekile kinachokinga dhidi ya kemikali moja hakikingi dhidi ya jirani yake. Kwa saratani ya utumbo mpana imedaiwa kinyume kabisa, kwamba wa haraka wanaokula nyama iliyoungua sana ndio walio hatarini, na ushahidi wake umekuwa wa kupanda na kushuka. Ukisikia NAT2 ikitajwa pamoja na orodha ndefu ya magonjwa mengine, uliza kwanza mtu huyo alikutana na kemikali gani. Pasipo jibu, orodha hiyo haina thamani kubwa.

Kwa wasomaji wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria, kuna onyo la ziada. Huku saratani nyingi za kibofu zimetokana na kichocho cha mkojo: mayai ya minyoo hukwama katika ukuta wa kibofu, ukawashwa kwa miaka, hadi aina nyingine ya saratani, si ile ya Huddersfield, ikajitokeza. Kijana anayekojoa damu baada ya kuoga mtoni anahitaji prazikwanteli, na kumzungumzia jeni kungekuwa kumpotezea muda.

Kurudi kwenye kifua kikuu, kipimo cha NAT2 hakiko mbali kama kinavyodhaniwa. Watafiti wa Marekani wamekwisha kutengeneza kipimo cha majaribio kinachosoma mabadiliko makuu ya jeni hii kwa kutumia mashine ya GeneXpert, ileile ambayo hospitali zetu nyingi huitumia kupima makohozi. Kizuizi kikubwa nakiona kwenye kidonge chenyewe. Dawa nne zimeshindiliwa pamoja ili mgonjwa asibague na ameze zote, na mpango huo umeokoa wengi. Lakini ndani ya kidonge hicho huwezi kupunguza isoniazidi bila kupunguza rifampisini, na rifampisini ikipungua, tiba inaharibika. Kumpa mtu wa polepole dozi yake kunahitaji rafu ya dawa iwe na rifampisini peke yake, pirazinamidi peke yake na ethambutoli peke yake, pamoja na isoniazidi ya miligramu 100 na mtu mwenye nafasi ya kuhesabu. Mipango ya taifa ya kifua kikuu ikikaa kuagiza dawa za miaka ijayo, hilo ndilo swali ambalo ningependa liwekwe mezani, kabla ya lile la kununua kipimo.